Somo la Afya: Je, Nimepona Homa ya Ini C?



Katika vikao vya akina mama na vya wazee wa kanisa swali hili huulizwa kwa namna nyingi. Mtu ametibiwa homa ya ini aina ya C. Amemeza vidonge vyake kwa muda wa wiki 12 bila kukosa, akamaliza. Baada ya miezi kadhaa anapimwa mahali pengine, na karatasi inasema "Reactive". Jamaa zake wanaisoma, wanatazamana, na usiku ule hakuna anayelala. Mtu mwingine karatasi yake inasema hana virusi. Anafurahi, anaitupa kadi ya kliniki, na kumbe ini lake liliharibika tangu zamani kabla hata hajaanza dawa.

Wa kwanza analia bure. Wa pili anacheka mapema mno, na kwa maoni yangu huyo ndiye wa kuhurumiwa zaidi, kwa sababu hana dalili ya kumrudisha hospitali. Somo la mwezi huu ni kwa ajili ya hao wawili, na kwa ajili ya wale wanaokaa nao nyumbani. Kama unazo karatasi zako za maabara, zilete mezani usome nazo. Karatasi nyingi kwetu huandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo nitayataja yale maneno machache yanayoandikwa pale, na kuyaeleza.

Ugonjwa wenyewe kwa kifupi

Watu wengi huchanganya homa ya ini na homa ya manjano. Homa ya manjano huletwa na mbu, nayo ni ugonjwa mwingine kabisa. Homa za ini ziko kadhaa. Aina ya A hupatikana kwa chakula na maji machafu. Aina ya B huambukizwa kwa damu, kwa kujamiiana, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa. Hiyo ina chanjo. Aina ya C huenea hasa kwa damu, haina chanjo, lakini ina dawa ya kuiponya. Nasema kuiponya, si kuituliza tu. Hapa C inatofautiana na B na hata na UKIMWI, ambazo dawa zake kwa kawaida huvizuia virusi bila kuvimaliza.

Virusi vya C vilitambuliwa mwaka 1989. Kabla ya hapo waganga walikuwa wakisema tu kwamba kuna homa ya ini "isiyo A wala B". Wataalamu watatu waliofanya kazi hiyo, Harvey Alter, Michael Houghton na Charles Rice, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2020. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu wapatao milioni 50 walikuwa wakiishi na virusi hivi, na kwamba mwaka huo huo watu 242,000 hivi walikufa kwa ajili yake, wengi wao kwa ini kusinyaa au kwa saratani ya ini.

Zamani matibabu yalikuwa sindano za intaferoni kila wiki pamoja na vidonge vya ribavirini, miezi sita au mwaka mzima, na kama nusu tu ya waliotibiwa walipona. Tena sindano zile zilimtesa mtu kwa homa, unyonge na huzuni. Mwaka 2013 Marekani iliruhusu kidonge kiitwacho sofosbuvir, na tangu hapo mambo yamegeuka. Siku hizi vidonge viwili vilivyounganishwa, kama sofosbuvir na daclatasvir au sofosbuvir na velpatasvir, humezwa kwa wiki 12 kwa kawaida, na zaidi ya watu 95 katika kila 100 hupona. Bei ya kwanza kule Marekani ilikuwa dola 84,000 kwa mgonjwa mmoja. Dawa hizo hizo zilipotengenezwa na viwanda vingine kwa kibali, bei kwa nchi maskini ilishuka hata chini ya dola 100.

Karatasi ya kwanza: kovu la ndui

Wazee wetu wanawakumbuka watu waliougua ndui utotoni. Ugonjwa uliisha, makovu yakabaki usoni mpaka kufa kwao. Hakuna aliyemkimbia mtu kwa sababu ya makovu yale, maana kila mmoja alijua kwamba ndui imekwisha kuondoka.

Kipimo cha kwanza cha homa ya ini C ni cha namna hiyo. Juu ya karatasi huandikwa "Anti-HCV" au "HCV Ab". Kipimo hiki hakitafuti virusi. Hutafuta kingamwili, yaani zile askari ambazo mwili ulizitengeneza ulipokutana na virusi. Kingamwili hizi hubaki kwenye damu miaka mingi, na kwa watu wengi hubaki maisha yote, hata kama virusi vimetoweka. "Reactive" au "Positive" kwenye karatasi hii maana yake ni moja tu: wakati fulani mwili huu uliwahi kukutana na virusi vya C. Haisemi kama vimo leo.

Hata kati ya watu ambao hawajatibiwa kamwe jambo hili ni kweli. Watu kama 30 katika 100 wanaoambukizwa hushinda virusi wenyewe ndani ya miezi sita bila dawa yo yote, na alama ya kingamwili hubaki. Nchini Misri, kati ya Oktoba 2018 na Aprili 2019, serikali iliwapima watu wapatao milioni 50. Waliokutwa na kingamwili walikuwa karibu 5 katika 100. Lakini wale kati yao waliopimwa kwa kipimo cha pili, karibu robo yao hawakuwa na virusi. Kama waganga wa Misri wangalisoma karatasi ya kwanza peke yake, maelfu kwa maelfu wangalimeza dawa za ugonjwa wasiokuwa nao.

Kwa hiyo mtu aliyekwisha kutibiwa asipimwe tena kwa kipimo hiki. Hakimwambii neno jipya. Kila mara kitasema "Reactive", na kila mara nyumba itaingia hofu. Ukienda hospitali ngeni wakakuandikia "Anti-HCV", sema kwa upole: "Mimi nilitibiwa mwaka fulani, naomba kipimo cha virusi vyenyewe." Hilo si kumfundisha daktari kazi yake. Daktari asiyejua kwamba ulitibiwa hana njia ya kulijua isipokuwa umwambie.

Karatasi ya pili: virusi vyenyewe

Kipimo cha pili huandikwa "HCV RNA", pengine "HCV PCR" au "Viral Load". Hiki hutafuta virusi vyenyewe na kuvihesabu. Kabla ya kutibiwa mtu anaweza kukuta namba kubwa ya kutisha, mathalani 1,200,000 kwa kila mililita ya damu. Namba hiyo haisemi ini limeharibika kiasi gani. Mwenye milioni tatu anaweza kuwa na ini zuri, na mwenye laki moja akawa na ini lililokwisha kusinyaa. Watu hulinganisha namba hizi kama alama za mtihani wa shule, na mimi sioni faida yake.

Baada ya matibabu jibu huja kwa namna tatu. La kwanza ni "Not Detected" au "Target Not Detected", yaani virusi havikuonekana. La pili ni "Detected" pamoja na namba, yaani vimeonekana na vimehesabiwa. La tatu huwasumbua wengi: "Detected, <15 IU/mL", au namba nyingine ndogo baada ya alama ile ya kupungua. Maana yake mashine imeona dalili ya virusi lakini ni kidogo mno, haiwezi kuhesabu. Jibu kama hilo likija dawa bado zinamezwa, au zikiwa zimeisha karibuni, mara nyingi si neno kubwa. Likija baada ya wiki 12 hakuna budi kipimo kirudiwe baada ya wiki chache kabla mtu hajaambiwa kwamba amepona au hakupona.

Na hapo twafikia jambo la tarehe, ambalo kwangu ni kubwa kuliko mengine yote katika karatasi hii. Kipimo kinachoamua ni kile kinachochukuliwa wiki 12 baada ya kumaliza dawa. Si siku ya kumeza kidonge cha mwisho. Siku ile dawa bado imo mwilini, nayo inavigandamiza virusi. Karibu kila mtu huonekana safi. Kama kuna mabaki yaliyojificha, dawa ikiondoka yatazaliana tena, na kwa kawaida yataonekana kabla wiki 12 hazijapita. Tuseme umemaliza dawa tarehe 10 Machi. Kipimo chako ni tarehe 2 Juni au baadaye kidogo. Ukipimwa mwezi Machi ukaambiwa "umepona", kipimo kile hakijawa na haki ya kusema hivyo.

Jibu la "Not Detected" katika wiki ya 12 madaktari huliita kwa herufi SVR. Ukiziona herufi hizo kwenye kadi yako, furahi. Takribani watu wote wanaofikia hapo, 99 katika 100, virusi vile havirudi tena. Ningependa kila kliniki iandike chini yake sentensi moja kwa lugha ya mgonjwa: "Virusi vya C vimekwisha." Herufi tatu za kigeni si habari njema kwa mama asiyejua maana yake, naye ndiye aliyemeza vidonge 84.

Vipimo vya ini: hapa ndipo watu huanguka

Pamoja na hizo mbili huwa kuna karatasi ya kazi ya ini, yenye majina mengi mafupi. Mawili yatutosha: ALT na AST. Hizo ni kemikali zilizomo ndani ya chembe za ini. Chembe zikiumia, humwagika katika damu na namba hupanda. Maabara nyingi huhesabu hadi 40 hivi kuwa ni kawaida. Virusi vikiisha, namba hushuka, na mara nyingi hushuka upesi, dawa zikiwa hazijaisha.

ALT ya kawaida peke yake haithibitishi kwamba umepona, maana wapo wenye virusi ambao ALT yao haikupanda kamwe. Na ALT iliyobaki juu baada ya virusi kuisha haimaanishi kwamba kipimo cha virusi kimedanganya. Yamaanisha kuna kitu kingine kinacholiumiza ini: pombe, mafuta yaliyojaa katika ini la mtu mnene au mwenye kisukari, homa ya ini B, dawa fulani za hospitali, au dawa za mitishamba. Daktari atafute ni kipi.

Sasa makovu. Virusi vya C hufanya kazi polepole. Kwa miaka 20 au 30 ini huumia na kupona, huumia na kupona, na kila mara huacha kovu dogo. Makovu yakizidi ini hugeuka gumu na kusinyaa, na hali hiyo huitwa sirosisi. Kati ya watu 100 wenye virusi vya kudumu, 15 hadi 30 hufikia sirosisi ndani ya miaka 20. Dawa huua virusi. Haifuti makovu siku ile ile. Kwa miaka mingi ini lililopumzika huweza kulainika sehemu, na kwa wengine hulainika sana, lakini hakuna wa kuahidi hivyo kwa mtu fulani.

Je, makovu hujulikanaje? Hospitali kubwa zina mashine ya kupima ugumu wa ini kwa mtikisiko, na namba yake huandikwa "kPa". Zaidi ya 12.5 kwa mwenye homa ya ini C huhesabiwa kuwa sirosisi. Pasipo mashine hiyo hutumika hesabu iitwayo FIB-4, ambayo hata mwalimu wa shule ya msingi aweza kuifanya. Chukua umri, zidisha kwa AST. Pembeni, chukua idadi ya chembe sahani za damu katika maelfu, zidisha kwa kipeuo cha pili cha ALT. Kisha gawanya ile ya kwanza kwa ya pili. Jibu likiwa chini ya 1.45, makovu makubwa si rahisi kuwapo. Likipita 3.25, huenda yapo. Katikati hapo hakuna uhakika.

Tumchukue mtu wa mfano. Ana umri wa miaka 56. Kabla ya dawa AST yake ni 80, ALT ni 64, chembe sahani 140,000. Umri mara AST ni 4,480. Kipeuo cha pili cha 64 ni 8, mara 140 ni 1,120. Gawanya: 4.0. Mtu huyu huenda ana ini lenye makovu makubwa.

Anatibiwa, anapona virusi. Umri wake bado ni ule ule. AST sasa ni 28, ALT 25, chembe sahani 160,000. Umri mara AST ni 1,568. Kipeuo cha 25 ni 5, mara 160 ni 800. Gawanya: 1.96. Anaona namba imeshuka zaidi ya nusu, anasema ini limekuwa jipya.

Tazama vizuri kilichoshuka. AST na ALT zimeshuka kwa sababu moto umezimwa. Makovu hayamo katika hesabu hii moja kwa moja. Hesabu huyakisia tu kwa kutazama moshi. Moto ukizimika moshi huondoka, lakini nguzo zilizoungua zimebaki kama zilivyo. Kwa sababu hiyo anayetaka kujua njia yake baada ya kupona aangalie vipimo vya KABLA ya dawa. Mtu wetu huyu ahesabiwe kwa ile 4.0, mpaka daktari mwenye vipimo bora zaidi aseme vingine. Nawasihi sana, msitupe karatasi za zamani. Ziwekeni pamoja na vyeti vya ubatizo na vya ndoa.

Baada ya hapo, njia ziko ngapi?

Aliyepona virusi na hakuwa na makovu makubwa hana haja ya kliniki ya ini tena. Aishi kama watu wengine, akipata chanjo ya homa ya ini B ikiwa hana kinga. Uchovu aliokuwa nao huenda ukaisha, huenda ukachelewa. Wako waliopona kabisa ambao nguvu zao zilirudi baada ya miezi mingi.

Aliyepona virusi akiwa tayari na sirosisi njia yake ni nyingine. Hatari yake ya kupata saratani ya ini imepungua sana kuliko kama asingetibiwa, lakini haijaisha. Huyu anapaswa kupimwa ini kwa altrasaundi kila miezi sita, miaka yote. Mara nyingine huongezwa kipimo cha damu kiitwacho AFP. Lakini AFP ya kawaida isimfanye mtu aache altrasaundi, kwani saratani nyingine hazipandishi AFP. Wataalamu wa Ulaya wanawashauri hata wale wenye makovu makubwa yasiyofikia sirosisi waendelee kuangaliwa hivyo.

Mbona miezi sita? Saratani ya ini ikiwa ndogo, ya sentimita mbili hivi, haiumi, haionekani kwa macho, wala mtu hakondi. Wakati huo yaweza kukatwa au kuchomwa. Ikisubiriwa mpaka tumbo livimbe na macho yawe manjano, mara nyingi yanayobaki ni kutuliza maumivu. Najua nauli ni tatizo, na najua pia kwamba mtu asiyeumwa huona aibu kuomba nauli ya kwenda hospitali. Wenye watoto mjini wawaambie watoto wao mapema kwamba safari hiyo ni mara mbili kwa mwaka, kama ada ya shule. Mwenye sirosisi aulize pia kama anahitaji kipimo cha kamera kinachopitishwa kooni, kutazama mishipa iliyovimba ambayo yaweza kupasuka. Ikionekana, zipo dawa za kupunguza shinikizo lake. Na ye yote anayetapika damu, anayepata choo cheusi kama lami, anayevimba tumbo, au anayeanza kuchanganyikiwa na kusinzia mchana, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Njia ya tatu ni ya wachache ambao virusi vimeonekana tena katika wiki ya 12. Hao wasikate tamaa, wala wasigombezwe. Kwanza, kipimo kirudiwe. Kisha yaulizwe maswali kwa unyofu. Je, vidonge vilikatizwa? Je, kulikuwa na dawa nyingine? Rifampisini ya kifua kikuu na dawa kadhaa za kifafa hupunguza nguvu ya dawa hizi mno. Dawa za kupunguza asidi tumboni, kama omeprazoli, huzuia velpatasvir isiingie vema mwilini. Baadhi ya dawa za UKIMWI nazo hugongana nazo. Yawezekana pia mtu alipona kweli kisha akaambukizwa upya.

Na yawezekana kwamba hakukosa lo lote, ila virusi vyenyewe ni vya ukoo mgumu. Jambo hili limejulikana hasa kwa jirani zetu wa Rwanda. Katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 2019, watu 300 walipewa vidonge vya ledipasvir na sofosbuvir, na 87 katika 100 walipona. Lakini waliokuwa na ukoo wa virusi uitwao 4r, ambao ni wa sehemu zetu hizi za Afrika, waliopona walikuwa 56 tu katika 100. Dawa zilikuwa zimejaribiwa zaidi kwa virusi vya Ulaya na Marekani. Baadaye Wanyarwanda 40 ambao dawa za kwanza ziliwashinda walipewa kidonge chenye dawa tatu, sofosbuvir, velpatasvir na voxilaprevir, na karibu wote wakapona. Kidonge hicho kiliruhusiwa Marekani mwaka 2017, nacho humezwa wiki 12. Hakifai kwa mtu ambaye ini lake limekwisha kushindwa kazi, mwenye maji tumboni au aliyewahi kuchanganyikiwa akili. Huyo huweza kupewa sofosbuvir na velpatasvir pamoja na ribavirini kwa wiki 24, chini ya uangalizi wa karibu. Ribavirini humdhuru mtoto tumboni. Mume au mke akiitumia, wasitafute mimba wakati wa dawa na kwa miezi kadhaa baadaye, kama daktari atakavyosema. Dawa ya mara ya pili hupatikana kwa taabu katika nchi nyingi, basi ombeni rufaa kwenda hospitali kubwa yenye daktari wa ini. "Imeshindikana" ikisemwa katika hospitali ya wilaya, mara nyingi maana yake ni kwamba imeshindikana pale.

Neno juu ya homa ya ini B. Mtu mwenye virusi vya B na C pamoja, C ikiondolewa, B yaweza kuamka na kuliumiza ini vibaya. Onyo hilo lilitolewa Marekani mwaka 2016. Kama hukupimwa B kabla ya dawa za C, omba upimwe sasa.

Nyumbani, kazini na kanisani

Kupona hakuleti kinga. Aliyepona C mwaka jana aweza kuipata tena mwaka huu kwa wembe ule ule, sindano ile ile, au kisu kile kile cha kukata kimeo. Vijana wetu wanaojidunga dawa za kulevya, ambao wako Mombasa, Dar es Salaam, Zanzibar na kwingineko, wapimwe angalau mara moja kwa mwaka, na kwa kipimo cha virusi vyenyewe, si cha kingamwili. Nimesikia watu wakiuliza kwa nini kijana kama huyo atibiwe ikiwa ataambukizwa tena. Mtu akipona malaria hatumwambii kwamba hatapewa dawa tena kwa kuwa mbu bado wapo.

Aliyepona asijitolee damu. Benki za damu hupima kingamwili, na damu yake itakataliwa hata kama haina virusi. Kukataliwa huko si habari mpya ya ugonjwa. Vivyo hivyo kwa wanaotafuta kazi nchi za Ghuba: cheti cha afya kinachodaiwa huko kina kipimo cha kingamwili cha C, na mtu aliyepona aweza kuandikwa hafai. Aende na barua ya daktari yenye tarehe na jibu la HCV RNA. Barua hiyo haishindi kila mahali, na ni afadhali kulijua hilo kabla ya kulipa wakala.

Mama aliyepona hana virusi vya kumwambukiza mtoto. Mama mwenye virusi humwambukiza mtoto mara chache, kama 5 katika 100, na kunyonyesha hakuambukizi, isipokuwa chuchu zikiwa zimepasuka na kutoa damu, ndipo apumzishe kwanza. Mtoto mchanga akipimwa kingamwili kabla ya miezi 18 huenda akaonyesha zile za mama yake tu.

Pombe huliumiza ini hata virusi vikiwa vimekwisha, na kwa mwenye sirosisi hakuna kiasi salama. Mwenye sirosisi pia asizidishe gramu mbili za parasetamoli kwa siku, yaani vidonge vinne vya kawaida, na aachane na dawa za mizizi hata kama zinasifiwa kwamba "husafisha ini".

Tumeulizwa mara kadhaa kuhusu kikombe cha Ushirika. Virusi vya C havienezwi kwa chakula, kwa maji, kwa kukumbatiana wala kwa kunywea chombo kimoja. Hata mtu ambaye bado hajatibiwa hana sababu ya kukaa nyuma wakati wenzake wanapokwenda mezani, wala jirani yake hana sababu ya kumkwepa katika foleni. Kwa aliyepona swali lenyewe halipo.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi

1. Mzee mmoja alimaliza dawa Januari, akapimwa virusi wiki hiyo hiyo na kuambiwa "Not Detected". Hajarudi tena. Mtamwambia nini?

2. Binti amechumbiwa. Familia ya mchumba imeona karatasi ya "Anti-HCV Reactive", nayo inataka kuvunja uchumba. Yeye alitibiwa miaka mitatu iliyopita. Ni karatasi gani inayotakiwa iletwe, na nani aende naye kuieleza?

3. Katika mtaa wetu, ni nani wenye sirosisi wanaokosa altrasaundi kwa ajili ya nauli tu, na mfuko gani wa kanisa waweza kulitazama jambo hilo mara mbili kwa mwaka?